Tone la Mvua na Shamba Tupu

Watu wengi hudhani ya kuwa tone la maji ni kitu cha kudharauliwa. Mtu akitaka kusema ya kuwa kitu fulani ni kidogo mno, husema, "Ni tone tu." Mimi nasema ya kuwa kwa sisi watu wa Afrika ya Mashariki, ambao wengi wetu hula kwa jasho la jembe, ni vitu vichache vinavyostahili kutazamwa kwa bidii kama tone la mvua. Tone hilo ndilo linyweshalo mimea yetu. Na tone hilohilo ndilo mwizi wa kwanza wa udongo wetu. Lakini mwizi huyu haingii ila mahali tulipomfungulia mlango sisi wenyewe. Mlango huo ni desturi ya kuiacha ardhi tupu, na kuliita shamba lililo tupu "shamba safi." Neno hili ni zito, wala sitaki mwanafunzi alisadiki kwa kuwa tu limepigwa chapa kitabuni. Yafaa kwanza tulijue tone lenyewe, kisha kila mmoja aamue.

Tone lina uzuri wake. Amka mapema, uende penye magimbi, utazame majani yake kabla jua halijakaza. Utaona matone ya umande yamekaa juu ya jani kama lulu, yakimetameta. Liguse jani kidogo, na tone litaviringika na kuanguka chini, na mahali lilipokuwapo patabaki pakavu. Mtu mwenye macho tu atasema, "Ni jambo la kupendeza," kisha atapita. Lakini mtu mwenye macho na akili pamoja atauliza, "Kwa nini tone ni la mviringo, wala halina pembe?"

Jawabu ni hili. Maji yamefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli, nazo huvutana: kila moja humvuta jirani yake. Chembe iliyo katikati ya tone huvutwa na wenziwe pande zote sawasawa, basi hutulia. Lakini chembe iliyo usoni pa tone haina wenziwe upande wa nje, kwa hiyo huvutwa kuelekea ndani. Kwa sababu hiyo uso wa tone hujikaza kama ngozi ya ngoma, na kujikunyata hata uwe mdogo kadiri iwezekanavyo. Nasi twajua kwa hesabu ya kuwa katika maumbo yote yenye ujazo mmoja, umbo la mpira ndilo lenye uso mdogo kupita yote. Ndiyo maana tone dogo huwa la mviringo.

Nguvu hii huitwa mvutano wa uso. Laza sindano kavu polepole juu ya maji yaliyotulia katika bakuli, nayo itaelea, ijapokuwa ni ya chuma. Kisha tia tone moja la maji ya sabuni. Sindano itazama mara, kwa kuwa sabuni huilegeza ngozi ile. Na jani la magimbi lina nta na vinundu vidogo sana. Tone hukaa juu ya vilele vya vinundu hivyo tu, lisiweze kulishika jani wala kulilowesha.

Sasa tuinue macho yetu mawinguni. Wingu nalo ni matone, lakini madogo ajabu. Tone la kawaida la wingu lina upana wa kama sehemu moja ya hamsini ya milimita, nalo hushuka polepole hata huonekana kama kwamba laelea hewani. Tone la mvua lenye upana wa milimita 2 ni pana mara 100 kuliko hilo. Mwanafunzi ajuaye hesabu na azidishe 100 kwa 100, na tena kwa 100: atapata 1,000,000. Maana yake, yahitajiwa matone milioni moja ya wingu ili kufanya tone moja la mvua la kadiri hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Wachoraji wengi huchora tone la mvua likiwa na ncha kali juu na tumbo chini, mfano wa chozi. Picha hiyo si ya kweli. Tone dogo lianguka likiwa la mviringo. Lile kubwa, kwa kuwa hewa hulisukuma kwa chini, hubonyea likawa bapa upande wa chini, kama andazi. Na likizidi sana ukubwa, hupasuka likawa matone madogo. Ndiyo sababu hatujapata kuona mvua yenye matone kama mayai.

Lakini tone la mvua laweza kupimwaje? Huko Jericho, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, palikuwa na mkulima jina lake Wilson Bentley, ambaye watu wamemjua zaidi kwa picha zake za theluji. Katika kazi hii hakutumia chombo cha thamani. Alitwaa chombo kipana chenye unga laini uliochekechwa, akakiweka mvuani kwa muda mfupi, kisha akauacha unga ukauke. Kila tone lililoanguka lilifanya kidonge kimoja cha unga, naye akavipima vidonge vile. Mwaka 1904 alitangaza aliyoyaona. Na matone makubwa kabisa aliyoyapata yalikuwa na upana wa kama robo ya inchi, yaani milimita 6. Kazi hii yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote mwenye sinia, unga wa ngano, chekeche na rula. Namtaja mkulima huyu kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kusema ya kuwa elimu ya tone ni ya wenye majumba ya vyombo vya kioo tu.

Sasa tazama jinsi ukubwa wa tone uongezavyo nguvu zake. Tone la upana wa milimita 1 huanguka kwa mwendo wa kama mita 4 kwa sekunde. Tone la milimita 5 huanguka kwa mwendo wa kama mita 9 kwa sekunde. Uzito wake ni mara 125 ya lile dogo, maana 5 mara 5 mara 5 ni 125; na kwa kuwa mwendo wake pia umezidi, nguvu iletwayo na pigo lake juu ya ardhi huwa zaidi ya mara 600. Tena matone hayaji moja moja. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya eka moja, maji yaliyoshuka yana uzito wa kama tani 100. Hebu fikiri: tani mia moja zimeangushwa juu ya eka moja, zikiwa zimegawanywa katika nyundo ndogo ndogo zisizohesabika.

Nyundo hizi zikilipiga jani, jani hutikisika, na nguvu yake huishia hapo. Zikiupiga udongo mtupu, huuvunja. Madongoa hupasuka, na chembe za udongo hurushwa juu pamoja na maji, pengine hata kufika nusu mita. Ushahidi uko karibu na kila mmoja wetu. Baada ya mvua kubwa, tazama ukuta uliopakwa chokaa: sehemu ya chini ina madoadoa mekundu ya udongo. Ni nani aliyeyatia? Hapana mtoto aliyerusha matope, ni matone. Tazama tena mahali patupu penye changarawe: mara nyingi utaona kijiwe kimesimama juu ya kiguzo kidogo cha udongo. Kijiwe kile kilikuwa mwavuli wa udongo ulio chini yake; na udongo uliokuwa kandokando, usio na mwavuli, umekwenda zake. Urefu wa kiguzo hicho ndio kipimo cha udongo uliopotea.

Kisha liko dhara la pili, nalo limefichika zaidi. Chembe laini zilizovunjwa huingia katika vitundu vidogo vya ardhi na kuviziba, na juu ya shamba hufanyika gamba. Jua likiwaka, gamba hilo hukauka likawa gumu, hata miche michanga ikashindwa kulipenya. Mvua ya pili ikija, maji mengi hayaingii tena ardhini, bali hutiririka juu yake yakichukua udongo uliokwisha kuvunjwa. Ndipo mkulima hulalamikia mambo mawili yaonekanayo kupingana: mvua imenyesha nyingi hata mto umefurika maji mekundu, lakini mahindi yananyauka baada ya siku chache tu za jua. Mambo hayo mawili yana mzazi mmoja.

Huenda msomaji akasema, "Lakini si maji yatiririkayo ndiyo yachukuayo udongo? Tone lina kosa gani?" Hivyo ndivyo walivyodhani hata wataalamu wengi zamani. W. D. Ellison wa Marekani, katika maandiko yake ya miaka ya 1940, alionyesha ya kuwa pigo la tone ndilo mwanzo wa kazi. Baadaye, katika miaka ya 1950, Norman Hudson alifanya jaribio katika nchi iliyoitwa wakati ule Southern Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Alitwaa vipande viwili vya ardhi, vyote viwili vikiwa vitupu, visivyo na mmea. Juu ya kimoja alitanda wavu wa matundu madogo, kama ule wa kuzuia mbu madirishani. Wavu huo haukuizuia mvua. Maji yalipita, ila matone yalivunjwa, yakashuka chini taratibu kama manyunyu. Mvua ilikuwa moja, udongo mmoja, na mteremko mmoja. Matokeo yalikuwaje? Kipande kisichokuwa na wavu kilipoteza udongo zaidi ya mara 100 kuliko kile kilichofunikwa. Kwangu mimi jaribio hili ndilo hukumu. Kulivunja tone tu, pasipo kazi nyingine yoyote, kuliokoa karibu udongo wote.

Sasa narudi kwa lile neno, "shamba safi." Katika sehemu nyingi za nchi zetu, mavuno yakiisha, mkulima hodari hukusanya mabua na majani makavu, akayachoma moto, na shamba likabaki tupu kama sakafu. Majirani wapitao njiani humsifu, wakisema, "Huyu si mvivu." Kisha shamba hungoja hivyo mpaka mvua za kwanza, nazo hulikuta halina nguo. Mazao mapya bado hayajaota, au yameota majani mawili tu. Hapo ndipo hasara kubwa hutendeka. Naona ya kuwa sifa ile haikustahili kutolewa. Usafi wa nyumba na usafi wa shamba si kitu kimoja. Uwanja wa nyumba na ufagiliwe, ili nyoka asijifiche na watoto wacheze pasipo hofu. Lakini shamba si uwanja, na majani makavu yaliyolala shambani si takataka. Ndiyo wavu wa Hudson, nao haununuliwi dukani.

Najua ya kuwa wako watakaonipinga, na hoja zao si za upuuzi. Wa kwanza atasema, "Mabua huficha funza watakaokula mahindi ya mwaka ujao." Ni kweli. Mabua yaliyojaa funza na yaondolewe; lakini mahali pake pawekwe nyasi kavu au majani ya migomba, au pandwe kunde, viazi vitamu na maboga, ambayo majani yake huifunika ardhi upesi.

Wa pili atasema, "Na ng'ombe wangu watakula nini wakati wa kiangazi?" Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, maana mtu hawezi kuulisha udongo huku mifugo yake yafa. Nami namjibu: wagawie ng'ombe sehemu, uache sehemu. Hata nguo yenye matundu humsitiri mtu kuliko kukaa uchi; na kifuniko kisichoenea shamba zima huokoa udongo mwingi.

Wa tatu atasema, "Mimi nimepanda miti; yatosha." Hapa hapana budi kuonya. Mti mrefu wenye majani mapana hukusanya maji juu ya majani yake hata yawe matone makubwa kuliko yale ya mvua yenyewe, na tone liangukalo kutoka urefu wa mita kumi hupata mwendo ulio karibu sawa na wa lile litokalo winguni. Chini ya misaji, ambayo wengine huiita mitiki, ardhi iliyochomwa majani yake makavu huweza kuliwa vibaya na mvua. Kinachoilinda ardhi hasa si kivuli cha mti, bali ni majani yaliyoanguka chini yake.

Huenda mtu akauliza, "Hasara yenyewe ni kiasi gani hata tuisemee hivi?" Na tufanye hesabu. Udongo wa unene wa milimita 1 ukiondolewa katika eka moja, ujazo wake ni kama mita za ujazo 4, na uzito wake ni kama tani 5. Hapana mkulima awezaye kuona kwa macho ya kuwa shamba lake limeshuka milimita moja. Lakini tani tano zimekwenda, tena ni za udongo wa juu, wenye rutuba. Milimita hiyo ilifanyika kwa miaka mingi, nayo yaweza kupotea kwa mvua chache. Bandu bandu huisha gogo.

Asiyesadiki na azisikie habari za Kondoa, nchini Tanzania. Huko ardhi ya malisho na mashamba ililiwa hata makorongo makubwa yakavipasua vilima. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa kwa kifupi HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Nyasi na vichaka vikarudi, na ardhi ikapata nguo tena. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini tufikiri na gharama yake. Wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi walilazimika kuwatoa wanyama wao katika nchi waliyoizoea. Kuifunika ardhi mapema ni kazi ya mtu mmoja na mzigo wa nyasi. Kuiponya baada ya makorongo ni kazi ya serikali, na uchungu wake huwafikia watu wengi.

Basi, vijana, nawapa kazi. Tafuteni masanduku mawili madogo ya mbao yaliyo sawa, myajaze udongo kutoka shamba moja. Moja liacheni tupu. La pili lifunikeni kwa nyasi kavu. Yainamisheni kidogo, na chini ya kila moja wekeni chupa yenye mrija wa kupokea maji yatokayo. Kisha twaeni kopo lililotobolewa matundu, mpande juu ya kiti, mnyunyizie kila sanduku maji ya kipimo kimoja. Zitazameni chupa zote mbili juani: ipi ina maji mekundu, ipi ina maji meupe, na ipi imejaa zaidi.

Mkiisha kuona, msiende nyumbani na kumwambia baba ya kuwa amekosa. Hiyo si adabu, tena si haki. Babu zetu wengi walilima mahali miaka michache, kisha wakahamia kwingine na kuiacha ardhi ipumzike na kuota majani. Kwa hiyo desturi ya kuchoma mabua haikuwadhuru kama itudhuruvyo sisi, ambao tunalima kipande kilekile mwaka baada ya mwaka kwa kuwa ardhi imekuwa haba. Desturi ilikuwa na wakati wake, na wakati umebadilika. Chukueni zile chupa mbili, mziweke mbele ya mzee kwa heshima, mngoje aulize. Akiuliza, mwelezeni habari za tone. Na mwaka huu mwombeni pembe moja tu ya shamba isichomwe, ili aone mwenyewe mvua itakapokuja.